Ijumaa jioni, saini 11

Ijumaa iliyopita saa 11 na ushee jioni, nshafunga ofisi ya saiti (nikisema ofisi namaanisha kontena la futi 20 lenye feni moja), funguo mkononi, dereva ananisubiri, mara naona binti yetu wa mafunzo anakuja mbio na logbuku kwapani, lile daftari la mafunzo unaloandika kazi ya kila wiki na msimamizi anasaini. "Shikamoo injinia." Nikajua hapa kuna jambo, maana asubuhi alishaniamkia. Akaifungua juu ya boneti ya gari. Wiki 11. Wiki zote 11 kalamu moja, mwandiko mmoja, na ningekuwa mtu wa kubeti ningesema na usiku mmoja, na pale chini panapotakiwa saini ya msimamizi pote peupe. "Naomba unisainie tu bosi, Jumatatu napeleka ripoti."

Nikatoa kalamu. Sijifanyi mtakatifu hapa, nilitoa kabisa na ya kwanza nikasaini bila kusoma. Ya pili ndo mkono ukawa mzito. Wala sio roho nzuri, ni kwamba ile staili ya kuandika niliijua, ni yangu mimi mwenyewe miaka 10 na kitu iliyopita, siku nilipompelekea msimamizi wangu logbuku ya miezi minne akaisaini yote huku anaongea na simu, na bado akanirudishia kalamu ambayo haikuwa yangu.

Kwa ambaye sio wa fani hii ngoja nieleze kidogo. Hapa Tanzania ukimaliza digrii ya uhandisi miaka 4 wewe bado sio mhandisi. Nyumbani watakuita injinia, mchumba atakuita injinia, fundi nondo atakuita injinia hasa akitaka hela ya soda, ila kisheria wewe ni mhandisi mhitimu tu. Ili Bodi ya Usajili wa Wahandisi ikuandikishe kuwa mhandisi mtaalamu, yule mwenye muhuri, yule ambaye jina lake likikaa kwenye mchoro maana yake kuna mtu wa kuulizwa jengo likileta shida, inabidi ukae kwanza chini ya mhandisi aliyesajiliwa akufundishe kazi. Kwa mpango unaoitwa SEAP hiyo ni miaka 3. Mpango ulianza 2003, bodi yenyewe ni ya zamani zaidi, sheria ya kwanza ni ya 1968, ikaja nyingine 1997 ikarekebishwa 2007. Kila mwaka kuna Siku ya Wahandisi, watu wanavaa suti wanakula kiapo, picha zinajaa status wiki nzima.

Baba yangu hii kitu hakuielewa mpaka leo. Mzee ni mwashi, amejenga nusu ya mtaa wetu kwa kamba, timazi na pima maji, na yeye ufundi aliupata kwa kubeba tofali za mtu miaka miwili kabla hajaruhusiwa kushika mwiko. Siku namwambia nimegradueti ila natafuta pa kwenda kujifunza kazi miaka mitatu, akanyamaza, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo miaka minne Serikali ilikuwa inakulisha ujifunze nini?"

Nilimjibu kwa hasira, ujana. Ila swali lake limenikaa kichwani kuliko lekcha zote za mekanika ya udongo, kwa sababu mzee bila kujua alikuwa ameuliza swali la bajeti.

Tuanze na hela maana hela ndo kila kitu. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya 2004, ikaanza kazi 2005, na kwa wengi wetu tuliotoka kwenye nyumba za kawaida bila hiyo usingesoma uhandisi, utasomaje. Mkopo una mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Chakula na malazi ndo lile bumu lenyewe, siku bumu linatoka chuo kinanukia chipsi kuku mpaka getini, wiki mbili baadaye watu wanarudi kwenye wali maharage na wengine wanarudi kwenye maji. Kwa miaka mingi lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, 2022 likapanda kufika 10,000. Ukimaliza unapewa miezi 24 ya kupumua halafu unaanza kurejesha, ukiajiriwa wanakata 15% ya mshahara wa msingi. Zamani ilikuwa 8%, sheria ikabadilishwa 2016, na juu yake kulikuwa na ile 6% ya kulinda thamani ya fedha ambayo ilikuwa inafanya deni linenepe huku unalilipa, Rais Samia akaifuta 2021 na watu tulishangilia kama Taifa Stars imefunga.

Sasa angalia hapo. Miezi 24 ya kupumua, miaka 3 ya SEAP. Yaani deni la kukufanya uwe injinia linakuja kugonga mlango kabla hujawa injinia! Silalamikii kulipa, kulipa ni haki na kuna mdogo wangu mahali fulani anasubiri hiyo hela asome. Ninachosema ni kwamba ile kalenda ya deni inamhesabu mtu amekamilika siku ya joho, na kalenda ya taaluma inamhesabu hajaanza. Katikati hapo kuna kijana ana digrii, ana deni, hana muhuri, na anatafuta mtu wa kumfundisha ambaye hakuna fungu lolote la kumlipa.

Mimi nilipata nafasi kwenye kampuni moja ya ushauri, siitaji na haina haja maana ukiuliza wenzangu kila mmoja ana ya kwake. Miezi 9 ya kwanza nilichora vyoo. Sitanii, vyoo vya shule, matundu manne manne, unakopi unapesti, unabadilisha jina la kijiji. Bosi alikuwa mkweli, siku moja aliniambia, "Kijana, mimi napata mtu wa kuchora bure, wewe unapata logbuku, tusisumbuane." Na kwa upande wake alikuwa na hoja, kampuni yake ilikuwa inategemea malipo ya serikali ambayo yanakuja yanapotaka, kompyuta tatu, gari moja, akitoa injinia wake mkubwa nusu siku anifundishe mimi kusoma ripoti ya udongo hiyo nusu siku nani anailipia? Mteja? Mteja hajui hata kama nipo.

Halafu nikakutana na mzee mmoja. Huyu alikuwa injinia wa zamani, mfupi, suruali ya kitambaa ndani ya gambuti, ananusa ugoro, alikuwa anasimamia saiti nne peke yake na moja ilikuwa barabara ya changarawe mkoani Morogoro. Nikapelekwa kumsaidia. Siku ya kwanza nikamwonyesha hesabu zangu za kalavati, ile njia ya maji chini ya barabara, nimepiga eneo la bonde, nimepiga mvua ya miaka 25 (ile kubwa inayotegemewa mara moja kwa miaka 25), nimetoa kipenyo, nimeprinti kwa rangi. Akaangalia karatasi, akaangalia korongo, akaniambia twende. Tukapanda kilima mpaka kwa bibi mmoja anapukuchua mahindi, mzee akamwamkia, akaulizia watoto, akaulizia shamba, nikaanza kuona tunapoteza muda, ndipo akauliza, "Bibi, ile mvua ya El Niño maji yalifika wapi hapa?" El Niño, 97 kuingia 98. Bibi akanyanyuka, akatushusha mpaka kwenye mwembe, akagusa shina usawa wa kifua chake. Mwembe ulikuwa juu kabisa ya mahali ambapo karatasi yangu ya rangi ilisema maji yataishia.

Tukabadilisha, badala ya bomba moja likawa kalavati la boksi la milango miwili. Ile nusu siku ndo shule yangu ya uhandisi. Yule mzee hakulipwa hata mia kwa hiyo nusu siku na alirudi saiti nyingine usiku kufidia, na kwenye logbuku yangu imeandikwa mstari mmoja tu, kutembelea eneo la mradi.

Mtu atasema basi chuo kiwe na vitendo zaidi. Sawa, vyuo vinajitahidi, tulienda fildi wiki 8 kila mwaka, wengine walishika mashine wengine walishika thermosi ya chai. Ila tusikitwike chuo mzigo ambao hakiwezi kuubeba. Hebu turudi nyuma kidogo. Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1963 mpaka 1970, nchi tatu ziligawana: udaktari Makerere, sheria Dar, uhandisi Nairobi. Kwa hiyo Mtanzania aliyetaka kuwa injinia akapanda basi la Nairobi au akaenda ng'ambo. Muungano wa vyuo ukavunjika, na 1973 ndo kitivo cha uhandisi kikafunguliwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi. Fikiria, nchi ina miaka 12 ya uhuru ndo inapata pa kusomesha injinia wake wa kwanza nyumbani. Baadaye vikaja vingine, chuo cha ufundi Dar kikawa DIT 1997, kile cha Mbeya kikapanda mpaka kuwa chuo kikuu, MUST. Madarasa tumejenga na tunaendelea kujenga. Wanafunzi ni wengi kweli sasa hivi. Ila yule mzee wa gambuti hajazalishwa kwa kasi hiyo, na huwezi kumjenga kwa tofali.

Na hapa kwenye suala la nani ana mamlaka ndo panachekesha. Kozi inaidhinishwa na TCU, tume ya vyuo vikuu, hiyo iko chini ya Wizara ya Elimu. Mkopo ni Bodi ya Mikopo, Elimu hiyohiyo. Usajili ni bodi ya wahandisi, hiyo ni Wizara ya Ujenzi. Halafu mwajiri kuna kitu analipa kinaitwa SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea analipa asilimia ya mishahara yote, zamani 6%, 2023 ikashuka mpaka 3.5%, hiyo inakusanywa na TRA, mamlaka ya mapato, theluthi moja ni ya VETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi. Kwa hiyo ukienda kwa kontrakta ukamwambia mpokee huyu kijana umfundishe, anakuangalia hivi, anakwambia mi kila mwezi nalipa tozo ya ujuzi, huo ujuzi nimeshaulipia, sasa mnataka niulipie tena kwa mafuta yangu na forimani wangu? Nimebishana na makontrakta wengi maishani ila hapo huwa nakosa jibu.

Wakati mwingine mgeni ndo anakuja kuziba. Norway iliwahi kufadhili wahandisi wanawake wapite SEAP, na kuna dada ninayemheshimu sana kwenye madaraja alipitia humo, yeye anasema bila ile posho angekuwa anauza vitenge sasa hivi, na vitenge angeviuza vizuri tu maana ana akili ya biashara, ila daraja moja ninalolijua lingekosa mtu. Shida ya ufadhili ni kwamba una tarehe ya mwisho na mhitimu wa mwaka unaofuata hana habari na hiyo tarehe.

Kenya wenzetu waliuonja ubishi wa mamlaka mpaka mahakamani. Wahitimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Egerton, zaidi ya mia moja, wamesoma miaka yote wamemaliza, bodi ya wahandisi ikakataa kuwaandikisha kwa hoja kwamba kozi yao haikuwa imetambuliwa na bodi. Chuo kinasema sisi ni chuo kwa mujibu wa sheria, bodi inasema sisi ndo tunajua nani injinia. Kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Mahakama ya Juu, hukumu ikatoka 2018. Najiuliza tu, mtu wa miaka 24 ameingia mahakamani anatoka ana 30 na kitu, hata ukishinda ile miaka nani anakurudishia, wenzio washakuwa mameneja wa mradi we bado una bahasha ya vyeti.

Kwetu afadhali, angalau hatujafika huko kwa kishindo hicho. Ila mi naona ubishi wa nani aidhinishe kozi ni ubishi wa miaka 4 ya kwanza. Ile 3 ya mwisho haigombewi na mtu. Kitu chenye hela kina wagombea bwana.

Sasa nisije nikalalamika tu kama mzee wa kijiwe cha kahawa. Mi nina wazo moja, na limetokana na kukaa miaka nasoma BOQ, ile orodha ya kazi zote za mradi na bei zake. Aliyewahi kufungua BOQ ya barabara anaijua Bili namba 1. Humo kuna kila kitu: nyumba ya Injinia Mkazi, samani zake, friji lake, gari mbili za kuvuta magurudumu yote manne, mafuta ya hizo gari, maabara, bango la mradi, simu. Kila kimoja kina mstari wake, kina kipimo chake, kina bei, na mwisho wa mwezi kontrakta analeta cheti cha malipo unahesabu, friji lipo? Lipo, lipa. Basi humohumo weka mstari wa mhandisi mhitimu, kipimo mtu-mwezi (mtu mmoja kwa mwezi mmoja), na mstari wa pili wa masaa ya msimamizi wake. Masaa! Yalipwe kama tunavyolipa masaa ya greda. Greda likisimama bila kazi kuna bei ya kusimama, injinia akisimama kumfundisha mtu hakuna bei, halafu tunashangaa kwa nini hafundishi.

Fikiria miradi tuliyopitia miaka hii, reli ya SGR, bwawa la Nyerere pale Rufiji la megawati 2,115, daraja la Kigongo–Busisi kule Mwanza. Hizo ni shule ambazo nchi inazijenga mara moja kwa kizazi. Mhitimu akikaa pale akiwa na mtu aliyelipwa kumwelekeza anatoka na kitu ambacho hakuna chuo duniani kitampa. Akikaa pale kama wa kuhesabu malori anatoka na picha za helmeti.

Najua utaniambia nini, fundi wangu mmoja alishanijibu kabla yako: "Injinia, hiyo hela italiwa." Kweli, kontrakta ataandika jina la mpwa wake, msimamizi atasaini masaa ambayo hajakaa. Hapo sina ujanja mkubwa, ila angalau leo tuna saini ya bure ambayo hakuna anayeifuatilia kwa sababu haina thamani kwenye kitabu cha mtu yeyote. Ikiwa na bei, kuna mkaguzi atakuja kuuliza. Wakaguzi wetu mnawajua, friji likikosekana kwenye Bili 1 wanaandika kurasa mbili.

Na saini zina uzito hata tukizichukulia poa. Ijumaa Kuu ya 2013, tarehe 29 Machi, ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi pale Dar liliporomoka asubuhi, watu 36 wakafa, wengine walikuwa watoto wanacheza jirani. Toka siku ile nikipita mtaa ule huwa naangalia juu, na sio kwamba najua kilichoandikwa kwenye makaratasi ya jengo lile, ila najua jengo lolote lina makaratasi, na kwenye makaratasi kuna mahali pameandikwa fulani alikuwepo, fulani aliona.

Basi nikamwambia yule binti ingia ndani. Nikafungua tena kontena, dereva akanuna, nikawasha feni, tukakaa. Nikamwambia tutapitia wiki moja moja, we niambie ulichokiona sio ulichokiandika. Wiki ya 1 mpaka ya 3 nilishangaa, anajua. Alikuwepo kwenye kupima mshindilio, yaani udongo umeshindiliwa kiasi gani, ananiambia kuna lea (tabaka) moja ilifeli mara mbili kwa sababu bowza la maji liliharibika asubuhi na forimani hakutaka kusubiri. Hiyo hata mimi sikuwa naijua! Haikuwa kwenye logbuku, kwenye logbuku kaandika upimaji wa mshindilio, kazi imeenda vizuri. Nikamwambia futa hiyo vizuri yako, andika bowza.

Wiki ya 5 alikuwa na homa, kaandika kazi imeenda vizuri.

Tukafika wiki ya 7. Kumwaga zege, kalavati namba 4, kazi imeenda vizuri. Nikamuuliza slampu, kile kipimo cha ulaini wa zege, ilikuwa ngapi. Kimya. Nikamuuliza kyubu, vile vipande vya zege vya kwenda kupimwa nguvu, zilichukuliwa ngapi. Kimya. Biskuti za chini, zile za kuinulia nondo, zilikuwa za milimita ngapi? Akaangalia sakafu. Nikaanza kupandisha sauti, unajua tena mtu ukishajiona mwalimu, nikamwambia zege la kalavati ndo kitu kikubwa kuliko vyote mwezi ule, we ulikuwa wapi, unaandikaje kitu hujakiona, kesho utasaini jengo la watu hivihivi?

Akasema taratibu, "Injinia, siku ile ulinituma mjini tona ya printa. Nilirudi saa 10, wameshamaliza."

Feni ikawa inazunguka tu. Nikakumbuka. Nilimtuma kweli, kulikuwa na cheti cha malipo cha kuprinti na dereva alikuwa kaenda kuchukua simenti, nikaangalia kushoto kulia nani hana kazi ya maana.

Nikachukua ile logbuku, nikakata maneno yake kwa mstari mmoja, nikaandika kwa mkono wangu: wiki ya 7, alitumwa mjini kununua tona ya printa, zege hakuliona. Hiyo nikaisaini.